Uuguzi Moshi na Arusha: nini husomwa kwanza, na wodini unaingia lini?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu za wazazi zinaanza. Wengi wanauliza ada na hosteli. Wachache sana wanauliza mtoto wao atasoma nini kwanza na atamgusa mgonjwa lini, wakati hilo ndilo linaloamua atatoka muuguzi wa namna gani. Nimesimamia wanafunzi wodini mkoani Kilimanjaro, na maswali haya ndiyo ninayokutana nayo zaidi, kwa wazazi na kwa vijana wenyewe.

Sista, mwanangu ana D nne tu. Anaweza kusoma uuguzi?

Anaweza, kama D hizo ziko mahali pake. Sifa ya chini ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika mtihani wa kidato cha nne, na ndani yake lazima kuwe na Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama faida ya ziada.

Hapo kwenye Hisabati naomba nisimame kidogo. Daktari ameandika dripu ya mililita 1,000 iishe kwa saa 8, na mpira wa dripu uliopo unatoa matone 20 kwa kila mililita. Muuguzi anazidisha 1,000 kwa 20, anagawanya kwa dakika 480, anapata matone 42 kwa dakika, kisha anasimama na saa mkononi kuyahesabu. Hesabu hiyo inafanyika kila siku, na kwa mtoto mchanga ikikosewa inaweza kuua. Kijana aliyepata F ya Hisabati akaingia chuoni kwa sifa nyingine, aanze kujifua na hesabu za dozi tangu mwezi wa kwanza.

NTA 4, 5 na 6 maana yake nini?

Ni ngazi za mafunzo zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ambalo watu wengi bado wanaliita NACTE. Ngazi ya 4 ni mwaka wa kwanza, yaani Astashahada ya Awali. Ngazi ya 5 ni mwaka wa pili, Astashahada, ile ambayo mtaani tunaiita cheti. Ngazi ya 6 ni mwaka wa tatu, Stashahada, yaani diploma. Kila mwaka una mihula miwili.

Serikalini, mwenye cheti cha miaka miwili huajiriwa kama Muuguzi, na mwenye diploma kama Afisa Muuguzi Msaidizi. Shahada ni njia nyingine: miaka minne chuo kikuu, halafu mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Kumbuka pia kwamba katika cheti na diploma, uuguzi na ukunga vinasomwa pamoja. Ukimpeleka mtoto kusomea unesi, umempeleka pia kusomea kuzalisha.

Mbona mwaka wa kwanza ni anatomia tu? Binti yangu anasema amechoka kuchora mifupa.

Siyo anatomia tu, ila anatomia ndiyo inayolemea. Pamoja nayo kuna fiziolojia, misingi ya uuguzi, kuzuia maambukizi, elimu ya vijidudu, mawasiliano na mgonjwa, maadili ya taaluma, huduma ya kwanza na kompyuta. Mwaka wa pili yanakuja magonjwa ya ndani, upasuaji, dawa, watoto, uzazi na afya ya jamii. Mwaka wa tatu ni uzazi wenye matatizo, afya ya akili kwa undani, uongozi wa wodi na utafiti mdogo. Majina ya masomo hubadilika mtaala unapohuishwa, na baadhi ya mada husogezwa muhula mmoja mbele au nyuma. Mkondo wenyewe ni uleule: mwili wenye afya kwanza, kisha mwili unaoumwa, kisha mgonjwa aliye hatarini, kisha wodi nzima.

Binti akichoka kuchora mifupa, mwambie siku moja ataambiwa achome sindano ya misuli kwenye tako. Akiwa hajui neva kubwa ya mguu inapita wapi, mgonjwa anaweza kuondoka anachechemea.

Wodini wanaingia lini hasa?

Kwa kawaida ndani ya mwaka wa kwanza, lakini baada ya chumba cha mazoezi. Hapo chuoni kuna vitanda, sanamu za watu, mikono ya plastiki ya kuchomea sindano na mashine za presha. Mwanafunzi anajifunza kutandika kitanda mgonjwa akiwa amelala juu yake, kumwogesha asiyejiweza, kunawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, kuvaa glavu tasa bila kuzichafua. Anarudia mpaka mkufunzi aridhike. Sanamu haiumii, ndiyo maana makosa ya kwanza yanafanyikia hapo.

Baadaye wanaanza kwenda hospitali, mwanzoni kwa vipindi vifupi huku masomo yakiendelea, kisha kwa wiki kadhaa mfululizo. Kipindi hicho kirefu ndicho wanafunzi wanachokiita fildi.

Mwanangu analalamika kwamba fildi ya kwanza ameshindia kuogesha wagonjwa na kumwaga mikojo. Amelipiwa ada kwa ajili ya hilo?

Ndiyo, na ningependa alipiwe kwa hilo zaidi. Kazi hiyo ndiyo uuguzi wenyewe. Anayemwogesha mgonjwa ndiye wa kwanza kuona wekundu mgongoni kabla haujawa kidonda cha mgandamizo, na ndiye atakayekumbuka kumgeuza kila baada ya saa mbili. Anayepima mkojo kabla ya kuumwaga ndiye anayegundua kwamba figo za yule mzee zimepungua kasi tangu jana.

Upumuaji nao. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kuhesabu kunahitaji dakika nzima ya kumtazama kifua bila kumwambia, maana ukimwambia anabadilisha pumzi. Nimeona faili nyingi zilizoandikwa 20, 20, 20 kwa kila mgonjwa wa wodi, na hiyo ni ishara kwamba hakuna aliyehesabu. Mwanafunzi anayeizoea tabia hiyo mwaka wa kwanza ataibeba mpaka siku atakapokuwa na mgonjwa ambaye namba hiyo ndiyo kila kitu.

Nipe mfano mmoja: mpangilio ukivurugwa kuna hasara gani?

Chukua kifafa cha mimba. Mama mjamzito presha imepanda, anaanza degedege. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, inayookoa maisha na ambayo ikizidi inaweza kusimamisha pumzi. Kabla ya kutoa dozi inayofuata, muuguzi anaangalia mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, mguu unaruka akigongwa chini ya goti, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri na daktari anaitwa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi, iwe karibu ili itolewe pumzi ikisimama.

Sasa fuatilia vitu hivyo vilisomwa wapi. Kuhesabu pumzi ni muhula wa kwanza. Kupima mkojo ni ile fildi ya kumwaga mikojo. Mguu kuruka unatokana na mishipa ya fahamu, hiyo ni anatomia. Kwa nini mkojo ukipungua dawa inajaa mwilini? Kwa sababu magnesiamu hutolewa na figo, na hiyo ni fiziolojia ikikutana na somo la dawa. Kifafa chenyewe kinafundishwa kwenye uzazi, baadaye sana. Mwanafunzi aliyepewa somo la kifafa cha mimba kabla ya hayo mengine atakariri "16, goti, 30" kama namba ya simu. Siku ya zamu ya usiku, akiwa na mama wawili kwa mpigo, kilichokaririwa kinapotea. Aliyejua sababu atajiuliza mwenyewe: mkojo uko wapi?

Ndiyo maana nawasihi wazazi wasifurahie chuo kinachojisifu kwamba wanafunzi wake "wanaingia leba mapema", yaani chumba cha kujifungulia.

Wodi zenyewe hufuatana vipi?

Wodi za magonjwa ya ndani hutangulia, kisha upasuaji. Wagonjwa wa nje huchomekwa katikati. Baadaye wodi ya watoto, kliniki ya mama na mtoto, wodi ya wazazi, leba na thieta, yaani chumba cha upasuaji. Mwishoni afya ya akili, kazi za kijijini na kusimamia wodi chini ya inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi. Kwa afya ya akili kuna vyuo vinavyosafirisha wanafunzi hadi Mirembe, Dodoma, na safari hiyo ni gharama ambayo mzazi aiulizie mapema.

Usishangae mpangilio ukipinduliwa kwa baadhi ya wanafunzi. Leba moja haiwezi kubeba darasa zima, kwa hiyo wanagawanywa makundi, na kundi moja huenda likaanzia kwa watoto wakati jingine liko thieta. Ndani ya muhula mmoja hilo halina neno. Kurukwa kwa muhula mzima ndilo la kuuliza.

Kijana wangu ni wa kiume. Ataingia leba kweli?

Ataingia, na atahitimu akiwa ameshika watoto wakizaliwa, sawa na wenzake wa kike. Mama anaombwa ridhaa, na akikataa mwanafunzi, awe wa kiume au wa kike, anaheshimiwa. Kijana anayejitambulisha, akamsalimu mama kwa adabu, akafunga pazia kabla ya kuomba chochote, ni nadra kukataliwa.

Hakuna anayezalisha siku ya kwanza. Anatazama, anasaidia, kisha anafanya huku mkunga ameweka mikono karibu na yake. Kabla ya hapo anajifunza kujaza patografu, chati ya kufuatilia uchungu: mapigo ya moyo wa mtoto na idadi ya uchungu ndani ya dakika 10, vyote kila nusu saa, na kupima njia kila baada ya saa nne. Moyo wa mtoto unatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Uzazi wa kawaida unasomwa na kuzoewa kwanza, kwa sababu asiyeujua ulio sawa hawezi kuutambua ulioanza kuharibika.

Logibuku ni nini na kwa nini wanafunzi wanaihangaikia hivyo?

Ni kitabu chenye orodha ya kazi ambazo mwanafunzi lazima azifanye kwa idadi iliyowekwa: kufunga vidonda, kuweka mpira wa mkojo, kutoa dawa, kuzalisha. Kila moja inasainiwa na aliyemwona akiifanya. Bila kukamilika, mwanafunzi anaweza kuzuiwa kuendelea.

Kuna ugonjwa mmoja humu na nitausema wazi: saini za kuombana. Wiki ya mwisho ya fildi mwanafunzi anazunguka na kalamu, "Sista, nisaidie hizi tano tu." Wauguzi wenzangu, tusizisaini. Tukimhurumia leo, anayelipa ni mgonjwa wa kesho. Na wewe mwanafunzi, omba kusainiwa siku hiyohiyo, kando ya kitanda, kabla zamu haijakabidhiwa.

Masomo ni kwa Kiingereza. Kijana asiyekimudu itakuwaje?

Mitihani ni kwa Kiingereza, faili zinaandikwa kwa Kiingereza, na ripoti ya kukabidhiana zamu huchanganya. Mgonjwa anaongea Kiswahili, na huku kwetu mara nyingi siyo Kiswahili pia: bibi wa Kibosho ataeleza maumivu yake kwa Kichaga, mama aliyeletwa hospitali ya Mount Meru, Arusha, kutoka Longido atayaeleza kwa Kimaasai. Kiingereza kinajifunzika kwa bidii ndani ya mwaka. Uvumilivu wa kumtafuta ndugu wa mgonjwa atafsiri, badala ya kukisia, wanafunzi wengi huchelewa kuupata. Kijana anayejua lugha ya nyumbani aseme mapema kwa inchaji. Wodini atakuwa wa thamani kubwa.

Vipi kuhusu maambukizi? Tunaogopa.

Kuogopa ni haki, na kujikinga kunawezekana. Kabla ya fildi mwanafunzi apate chanjo ya homa ya ini aina ya B: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Uliza chuo nani anailipia, na ianze mapema ili angalau dozi mbili ziwe zimeingia kabla ya kushika sindano.

Akijichoma na sindano iliyotumika, aoshe kwa maji tiririka na sabuni bila kuminya, amwambie inchaji palepale. Dawa za kuzuia VVU zianzwe haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na zinatumiwa kwa siku 28. Wanafunzi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa, na huko kunyamaza ndiko kunakopoteza saa hizo. Mzazi, ongea naye juu ya hili kabla hajaondoka nyumbani.

Usiku nako wanafanya kazi?

Ndiyo, kwa zamu, hasa kuanzia mwaka wa pili. Uliza kama chuo kina usafiri au hosteli karibu na hospitali. Binti asisimame stendi kusubiri daladala saa mbili usiku akiwa na yunifomu.

Akifeli somo moja anarudi nyumbani?

Hapana, siyo moja kwa moja. Kuna sapu, yaani kurudia mtihani wa somo lile. Akishindwa tena, taratibu zinaweza kumfanya alirudie somo lenyewe au arudie mwaka, na zikizidi ndipo wanaposema "amedisko", yaani ameondolewa chuoni. Alama hutokana na kazi za muhulani na mtihani wa mwisho wa muhula, na vitendo vina mtihani wake. Nimewaona wanafunzi wenye alama nzuri za darasani wakianguka kwenye vitendo kwa sababu hawakumsalimu mgonjwa wala kumweleza wanachotaka kumfanyia. Hiyo nayo ina alama.

Akimaliza anaanza kazi mara moja?

Bado. Lazima afanye mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, asajiliwe au aandikishwe kulingana na ngazi yake, apewe leseni. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 hairuhusu kufanya kazi bila hiyo. Leseni huhuishwa kwa kuonyesha kwamba umeendelea kujifunza. Mwenye cheti anaweza kurudi kusoma ngazi ya 6, na mwenye diploma anaweza kuomba shahada, ambapo kwa kawaida hutakiwa GPA, yaani wastani wa alama zake, ya angalau 3.0. Kwa hiyo asizembee akidhani diploma ni kufaulu tu.

Shangazi yake yuko Marekani, anasema huko kuna LPN wa mwaka mmoja. Ni sawa na cheti chetu?

Vinafanana, ila havibadilishani. LPN ni muuguzi wa ngazi ya chini ya muuguzi aliyesajiliwa; Texas na California wanamwita LVN. Yeye husoma kwa takriban mwaka mmoja, hufanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-PN, kisha hufanya kazi chini ya muuguzi aliyesajiliwa au daktari. Mkondo wa masomo utautambua: misingi, mwili, dawa, magonjwa ya watu wazima, kisha uzazi, watoto na akili. Tofauti kubwa iko kwenye vitendo. Huko wanafunzi wengi huanzia kwenye nyumba za kulelea wazee, na kuzalisha siyo kazi ya LPN. Cheti cha Tanzania hakimfanyi mtu kuwa LPN; bodi ya jimbo husika hupitia masomo yake kwanza na kuamua.

Hospitali gani ni bora kwa fildi, KCMC au hizi za vijijini?

Ninapenda mwanafunzi apite kote. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda. Ataona huko magonjwa ambayo hatayaona kwingine, na kazi iliyopangika. Shida ni msongamano: madaktari wanafunzi, wauguzi wa shahada, wa diploma, wote wamezunguka kitanda kimoja, na mwenye aibu anarudi hosteli hajagusa kitu. Mawenzi na Mount Meru, hospitali za rufaa za mikoa, zina wingi wa wagonjwa wa kila aina, na leba zake hazilali. Kibosho, Machame na Huruma kule Rombo ni mahali ambapo mwanafunzi hupata mikono: wauguzi ni wachache, wanamjua kwa jina, na akionyesha nia anafundishwa mpaka aive. Kituo cha afya ndicho kitakachomwonyesha chanjo, uzazi wa mpango na jinsi ya kuamua nani apewe rufaa, kazi atakazofanya sana akipangiwa kijijini.

Ukinilazimisha kuchagua moja kwa mwaka wa pili, nitachagua hospitali ndogo yenye msimamizi mkali.

Nikitembelea chuo niulize nini?

Kwanza hakikisha kimesajiliwa na NACTVET na kinatambuliwa na Baraza kwa kozi hiyo hasa, siyo kwa kozi nyingine za afya. Kisha omba ratiba ya mihula yote, uone fildi iko wapi na inachukua wiki ngapi. Uliza wana mkataba na hospitali zipi, na umbali wake. Uliza mkufunzi wa chuo anafika wodini mara ngapi kwa wiki, au wanafunzi wanaachiwa wauguzi waliochoka. Uliza leba moja inapokea wanafunzi wangapi kwa zamu, na kama kuna vyuo vingine vinavyogombea leba hiyohiyo. Omba kuona chumba cha mazoezi, na angalia sanamu kama zimechakaa kwa kutumika au bado ziko kwenye nailoni.

Baada ya hapo tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mkae pembeni, umwulize amezalisha kina mama wangapi kwa mikono yake na nani alikuwa amesimama pembeni yake.